Maswali Yenu: Kupima Mapigo ya Kichwa Ulingoni

SWALI: Nafundisha ndondi. Kuna vihisi vinavyopima ngumi zinavyotikisa kichwa: vya kubandika nyuma ya sikio, na vingine vimo ndani ya kinga ya meno. Vya kubandika havimsumbui bondia. Je, havifai?

JIBU: Havifai, kocha. Ngozi huteleza juu ya mfupa, hivyo ngumi ikitua kihisi huyumba kivyake na mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kofia ya kinga nayo huzunguka kichwani. Meno ya juu ndiyo yaliyoshikamana na fuvu, basi pima hapo.

Hakikisha kinga ina akselerometa (kihisi cha mchapuko, yaani kasi inavyobadilika) na jairoskopu (kihisi cha mzunguko), zote za mihimili mitatu, yaani zinazopima pande zote. Akselerometa peke yake hupima kichwa kinavyosukumwa, lakini ngumi ya pembeni inayotua kidevuni hukizungusha, na mzunguko huo huuvuta ubongo vibaya zaidi. Kinga iwe inapima angalau mara 1,000 kwa sekunde. Pigo huisha ndani ya milisekunde 10 hadi 20 hivi. Kifaa cha mara 100 kwa sekunde kitaambulia nukta moja au mbili na kukikosa kilele.

SWALI: Baada ya raundi tatu za sparingi (pambano la mazoezi), kinga ya bondia wangu imeandika mapigo 61, mengine akiwa kwenye kona anakunywa maji! Ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Vifaa vingi huanza kurekodi mchapuko unapofika 10 g (mara 10 ya mchapuko wa mvutano wa dunia), na kinga ikitolewa mdomoni, ikidondoka au ikitafunwa hufika hapo kirahisi. Baadhi zina kihisi kinachotambua kama zimo mdomoni, ila hicho nacho hudanganywa na mate au kidole.

Dawa ni video. Weka kamera mbili pembe zinazotazamana, picha 60 kwa sekunde au zaidi, kwa kuwa kamera moja huzibwa na mgongo wa mpinzani. Kabla ya kengele, rekodi saa ya programu ya kinga kwa kamera zote mbili ili nyakati zilingane. Kisha pitia tukio moja moja: lisiloonekana kwenye picha lifute. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo sioni thamani ya hesabu yoyote mtakayoandika.

Kagua pia inavyokaa. Bondia afungue mdomo bila kuishika. Ikidondoka au ikicheza kwa ulimi, data yake haiaminiki. Iliyotengenezwa kwa umbo la meno yake hukaa vizuri kuliko ya kuchemsha na kuuma (inayolainishwa kwa maji moto kisha kung'atwa). Hata hivyo, taya la chini likiigonga kwa nguvu, kilele bandia huweza kutokea.

Kasoro ya upande wa pili ni kuhesabu pungufu: ngumi nyepesi chini ya 10 g haziandikwi, na ngumi mbili za harakaharaka zinaweza kuingia kwenye rekodi moja.

SWALI: Mwanangu anacheza kickboxing. Ni g ngapi zinazoleta mtikisiko wa ubongo?

JIBU: Namba hiyo haipo, mzazi mwenzetu. Mmoja hupigwa pigo kubwa asionyeshe dalili, mwingine huumia kwa dogo. Raga ya kiwango cha juu ilipoanza kutumia kengele za kinga hizi (tahadhari pigo likivuka kiwango) mwaka 2024, iliweka 75 g kwa wanaume na 65 g kwa wanawake, pamoja na mchapuko wa mzunguko wa radiani 4,500 kwa sekunde kwa sekunde (radiani ni kipimo cha pembe). Kengele hiyo humtoa mchezaji akachunguzwe. Haisemi kwamba ameumia, wala ukimya wake hausemi kwamba ni mzima.

Namba zisaidie mazoezi. Mwombe kocha jumla ya mapigo kwa wiki, aone ni zoezi lipi au mwenza yupi anayeyaleta, kisha apunguze raundi nzito. Mwanao akiyumba, akisahau raundi iliyopita, akilalamika kichwa au kizunguzungu, atoke siku hiyo na asirudi hadi daktari amruhusu, hata kama kifaa hakijaandika chochote. Akizimia, akitapika mara kwa mara, akipata degedege au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.