Presha Haikubisha Hodi

Nilikwenda kupima macho tu. Muuguzi akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama namba, akanyamaza. Akarudia. "Umepanda ngazi mbio?" Wapi! Nilikuwa nimekaa nusu saa nikisubiri zamu yangu. Presha yangu ilikuwa juu: 158 kwa 96. Kichwa hakiumi, moyo hauendi mbio, sina lolote. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, huku mishipa inakakamaa na moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi.

Kwangu mimi, mshukiwa wa kwanza alikuwa chumvi. Nilikuwa nikinyunyiza kabla hata sijaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyojificha kwenye mkate, supu za pakiti na nyama za kopo. Chumvi huvuta maji, damu ikaongezeka ndani ya mishipa ileile. Nilikihamishia kikopo kabati la juu kabisa. Nakiri, uvivu wa kuinuka ulinisaidia kuliko nidhamu. Wiki za mwanzo kila kitu kilikuwa chapwa. Baadaye ulimi ukazoea, na siku hizi nikila mgahawani nahisi mpishi kateleza mkono.

Mazoezi sikuanza na mbio. Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, nami nilianza kwa kupokea simu zote za kazi nikitembea. Usingizi nao: kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku nilikuona ni uchapakazi, kumbe presha hushuka tukiwa tumelala, na ukijinyima unaunyima moyo nafasi hiyo. Sigara sijawahi kuvuta, ila anayevuta aanzie huko, chumvi baadaye.

Ukipima nyumbani, kaa kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Kahawa iwe imepita nusu saa. Na usiongee! Mimi nilikuwa napima huku nabishana na watoto.

Sasa nacheza kwenye 130 kwa 82. Dawa za presha alizoniandikia daktari bado nameza. Mwezi wa tatu wa kuzimeza nilijiona nimepona, nikaziacha kimyakimya bila kumwambia daktari. Siku ya tisa mashine ikaniandikia 151.