Programu arobaini kwa laptopu ya GB 4?

SWALI: Sasa mhariri. Nimeingia fasti yia huku Njoro na mjomba amenibuyia laptopu eksi-UK hapo Nakuru tauni, Windows 10, RAM GB 4. Fundi anasema nimpe 1,500 aniwekee kila kitu, Microsoft Office, Photoshop, antivairasi mbili, programu kama arobaini hivi, zote ziko kwa flashi yake. Nimpe ama niachane naye?
Msomaji, Njoro

JIBU: Achana naye dadangu, angalau kwa hiyo kazi. Nyingi za hizo programu hujiwasha zenyewe ukiwasha mashine, na GB 4 zinaisha kabla hujafungua hata noti moja. Antivairasi mbili nazo zitakosana zenyewe kwa zenyewe, na Windows tayari iko na antivairasi yake ya bure, Defender.

Mimi shida yangu ni hiyo flashi. Office na Photoshop ni za kulipia, sasa kama anakuwekea zote kwa 1,500 jua hizo ni kreki, yaani za kulipia zilizovunjwa leseni. Mwangalie tu akianza, kitu ya kwanza atazima antivairasi, ukimuuliza atakwambia hiyo huwa inasumbua. Na ni hiyo laptopu utaingiza paswadi ya imeili na ya potali ya shule!

Anza na kazi uliyo nayo wiki hii. Kama ni asainmenti weka LibreOffice, ni ya bure na inafungua faili za Word, ila ukimtumia lekchara hifadhi kama docx, na kama unaenda kuprinti saiba geuza iwe PDF kwanza maana meza na fonti huhamahama ukifungua kwa mashine nyingine, hapo wengi hulia. Video, VLC. PDF brauza inafungua. 7-Zip ingoje siku mtu atakutumia faili iliyobanwa, ile ya rar. Photoshop sijaona unaitakia nini, kama ni posta tu jaribu GIMP, ya picha pia na ni ya bure. Zote zitoe kwa tovuti za wenyewe, na utumie waifai ya shule juu LibreOffice peke yake inapita MB 300, usimalizie bando hapo.

Halafu Microsoft ilimaliza sapoti ya kawaida (apdeti za usalama) ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Angalia kama mashine inakubali 11, ikikataa kuna Linux Mint, mfumo wa kuweka badala ya Windows, ya bure pia. Huyo fundi muulize kama ndani kuna sloti ya RAM iko wazi, hiyo 1,500 ianzie hapo.