Mizani kwanza, pedeli baadaye

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Mtoto wa rafiki yako anatimiza miaka 5 mwezi ujao, unataka kumnunulia baiskeli, na unaniuliza iwe ya inchi ngapi, mpya au ya mitumba. Jibu fupi ni inchi 16, na ya mitumba haina ubaya wowote mradi fremu haijapinda. Lakini ungeniuliza jambo jingine: una Jumamosi ngapi za kumpa mtoto huyo? Mimi hesabu yangu ni nne. Kama huna nne, mnunulie vitabu.

Hata hiyo 16 usiinunue kwa kufuata umri. Mvishe viatu, msimamishe akiegemea ukuta, umpe kitabu kigumu akibane katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kikwame, kisha upime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Ukipata kati ya sentimita 45 na 50, 16 inamtosha. Kiti kishushe kiwe sawa na kipimo hicho au chini yake kwa sentimita moja, ili nyayo zote mbili zilale chini bila kunyoosha vidole. Kuna wazazi wanaonunua kubwa ili mtoto akue nayo. Mtoto huyo hakui nayo, huiogopa. Na inua baiskeli kwa mkono mmoja kabla ya kulipa. Za chuma za bei nafuu hufika kilo 9 au 10, na mtoto wa miaka 5 ana kilo 18 hivi. Ni kama wewe kupewa baiskeli yenye nusu ya uzito wako uambiwe uifurahie.

Ukienda kwa mitumba, mambo matatu. Inua gurudumu la mbele ulizungushe, utazame rimu inavyopita kati ya mipira ya breki: ikiyumba kidogo, fundi atakaza spoki, ikiyumba hadi kugusa mipira pande zote mbili, rimu imepinda. Kisha bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kikigonga kwenye shingo, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Mwisho, pitisha kidole chini ya fremu, pale bomba linapokutana na shingo. Rangi iliyojikunja au kupasuka mahali hapo inasema baiskeli iligonga ukuta kwa nguvu. Hiyo iache hata ukipewa bure.

Vigurudumu vya pembeni, ikiwa inavyo, vitoe hapo hapo dukani. Najua mama wa mtoto atalalamika. Vile vigurudumu havimfundishi mtoto chochote isipokuwa kuzungusha miguu, na kuzungusha miguu ndilo jambo rahisi kuliko yote. Baiskeli huenda kwa kulala: ikielemea kulia, unageuza usukani kulia, nayo inainuka. Penye vigurudumu vya pembeni hailali, kwa hiyo mtoto anazoea kuegemea upande usiofaa, na siku vikitolewa inabidi asahau kwanza ndipo ajifunze. Babu yako alikuwa akisema mizani kwanza, pedeli baadaye. Alilisema kila siku pale chini ya mti wake kando ya Jogoo Road, hata kwa wateja waliokuja kuzibiwa pancha tu, nami sijawahi kuona mtoto aliyemwonyesha kuwa amekosea.

Kwa hiyo pedeli nazo zitoke. Spana ya 15. Ya kulia inafunguka kawaida, kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka kwa kufuata mwendo wa mshale. Wengi huharibu hapo: wanaivuta ya kushoto kama ya kulia, wanaikaza badala ya kuilegeza, wanaongeza nguvu mpaka spana inakula kona. Zikishatoka, zipake grisi kidogo kwenye uzi na uziweke kwenye mfuko, ya kulia na ya kushoto zikiwa na alama.

Jumamosi ya kwanza ni kutembea tu akiwa amekalia kiti. Nusu saa, basi, hata akilia anataka zaidi. Ya pili ni hatua ndefu, kisha kuinua miguu huku unahesabu kwa sauti. Tafuta nyasi fupi zenye mteremko mdogo, ule ambao baiskeli ukiiachilia inajongea yenyewe polepole, na chini yake pawe tambarare ya hatua ishirini. Nyasi ndefu zinakula mwendo, na lami inakula magoti. Mvua ikiwa imenyesha, usitoke. Ule udongo wetu mweusi wa Eastlands unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mtoto anadhani ameshindwa yeye. Akifika kuhesabu kumi miguu ikiwa juu, na akageuka kushoto na kulia bila kuweka mguu chini, mizani imeingia. Haitoki tena.

Usimshike kwa usukani hata kidogo. Ukishika usukani unaendesha wewe. Ukishika kiti, anausikia mkono wako kwenye makalio na kuuegemea. Chukua leso, uipitishe mbele ya kifua chini ya kwapa, ncha mbili uzishike nyuma kwa mkono mmoja, iwe imelegea. Ikivutika, ujue anaanguka. Isipovutika, wewe ni mtu anayekimbia na kitambaa mkononi, wala hana habari.

Hiyo leso unaijua. Ni ile nyekundu ya Mama Chiriku, iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Agosti ya 2007 Chiriku alikuwa na miaka mitano na nusu, mdomo haufungi tangu kuamka hadi kulala, ndiyo maana tukamwita hivyo. Mama yake alikuwa muuguzi, yuko zamu za usiku mwezi mzima, na akaniambia mezani petu, nawe ukiwepo unakula: nishikie mtoto. Basi akashikwa. Jumamosi ya kwanza, ya pili, na ya tatu tukarudisha pedeli. Katika kuanza alikuwa anakushinda wewe mkubwa: pedeli ya kulia juu kidogo mbele, pale mshale mfupi wa saa unapokaa saa nane mchana, mguu wa kushoto chini, kusukuma mara moja kwa nguvu, halafu macho mbali. Macho kwenye gurudumu, unaanguka; macho kwenye mti, unafika kwenye mti. Alikuwa akilitamka hilo kwa sauti huku anakwenda, mti, mti, mti.

Nilichokosea ni breki. Nilikuwa nimeziacha hadi Jumamosi ya nne, nikisema kwenye nyasi atasimama kwa miguu. Na kwenye nyasi alisimama kwa miguu. Lakini siku ile ya tatu alitoka kwenye nyasi akaingia njia ya saruji ya uani, leso haikuvutika hata mara moja, nikaiachilia. Alikwenda. Mwendo wake ulikuwa ule wa mtu mzima, mabega yametulia, hakuyumba. Na wakati huo huo lango likafunguka, mama yake akaingia kutoka zamu, sare bado mwilini, mfuko wa sukuma wiki mkononi. Chiriku akamwona. Akaacha kuutazama mti, akamtazama mama yake, na baiskeli ikafuata macho kama inavyofuata siku zote. Alitaka kusimama akashusha miguu, saruji ikamrusha, kidevu kikagonga ukingo wa mtaro.

Wewe ndiye uliyekimbia kuleta maji ya chumvi. Nyuzi tatu alishonwa, mama yake amemshika kichwa. Kabla ya kulia, kabla hata hajagusa damu, alisema, Mama, umeona?

Kwa hiyo wewe breki ziwe Jumamosi ya pili, kabla ya pedeli. Hapa kwetu breki ya mkono wa kulia kwa kawaida ni ya mbele. Ya mitumba inaweza kuwa kinyume, jaribu kwanza. Kuna parafujo ndogo kwenye mkono wa breki, ukiikaza mkono unasogea karibu na usukani. Isogeze mpaka vidole viwili vya mtoto vifike bila kunyoosha kiganja. Msukume polepole, sema simama, abane zote mbili kwa pamoja. Mara ishirini. Breki ya mbele peke yake kwa nguvu inamrusha juu ya usukani, ya nyuma peke yake inaburuta tairi bila kusimama haraka. Na kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi, isikae kisogoni kama kofia ya harusi.

Cheni nayo iangalie kila wiki. Katikati ya safari yake, kati ya gia ya mbele na ya nyuma, icheze sentimita moja juu na chini. Ikilegea zaidi inaruka mtoto akisukuma kwa nguvu, na hapo ndipo anaangukia bomba. Legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo, hakikisha limekaa katikati ya fremu, kaza nati moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, gurudumu linakwenda upande.

Kila likizo tulipandisha kiti, Aprili, Agosti, Desemba, na kila mara nilikwaruza alama kwa msumari kwenye bomba la kiti, pale linapoingia kwenye fremu. Wengine hupima watoto kwenye fremu ya mlango. Sisi tulipima kwa bomba. Desemba ile na Aprili ya 2008 alama zimekaribiana hata ukucha hauingii katikati, halafu Agosti imeruka sentimita mbili nzima. Ndiyo likizo aliyoanza kumaliza sahani na kuomba ya pili, na mama yake akanunua viatu mara mbili. Agosti ya 2009 tukafika kwenye mstari wa kikomo uliochongwa na kiwanda. Huo mstari usiupite kamwe, maana bomba fupi ndani ya fremu linaivunja fremu. Tulikwenda kwenye inchi 20, na baiskeli ndogo akapewa mtoto wa jirani. Mwenyewe alitaka nimpe mtoto yule na bomba pia. Nilimnunulia bomba jingine. Na hilo lingine ulipime kipenyo kwa kifaa, wala usikisie kwa macho, hata tofauti ya nusu milimita inaliacha linazunguka au linakataa kuingia.

Alama saba. Nilikuwa nikiyaona magoti yake yakibadilika kutoka upande huo wa dunia, kutoka chini, nikiwa nimeinama na spana. Mama yake aliyaona mengine, homa, meno, usingizi. Sijui nani aliona zaidi. Au labda najua, nami sitaki kulisema.

Maana ndilo linalonirudia nikisoma barua yako. Nilipaswa kungoja kabla ya kuiachilia ile leso? Mama yake alikuwa karibu kufika langoni. Ningemwambia Chiriku apumzike, anywe maji, mama akifika ndipo nimwachilie, amwone tangu mwanzo, na breki ningekuwa nimefundisha. Lakini mizani haingoji mtu. Inakuja inapokuja, na mtoto aliyezuiwa wakati imeingia huanza kujitazama, na akijitazama inatoka. Nimejibishana na hili miaka mingi, na upande wa kwanza una kidevu chenye kovu, na upande wa pili una yale mabega yaliyotulia. Mama Chiriku mwenyewe hakuwahi kunilaumu. Alisema tu kwamba alimwona kutoka langoni, na kwamba aliona ya kutosha.

Utafika hapo, mtoto wa rafiki yako atakuwa mbele yako na leso haivutiki, na mama yake hayupo. Ulimi unaniwasha kukuambia ufanye nini. Nina jibu, na nimeliandika mara mbili kwenye karatasi hii nikalifuta. Rafiki huyo ni wako, wewe ndiye unayemjua. Ila muulize mapema, kabla ya Jumamosi ya kwanza, anataka kuwepo siku gani. Mimi sikuuliza.

Njoo Jumamosi uchukue spana ya 15, iko kwenye mkebe wa misumari, na kopo la grisi la babu yako ambalo bado lina robo. Leso utakwenda nayo pia, nimeifua. Bomba la kiti limening'inia pale stoo nyuma ya mlango. Hilo uliangalie tu, uliache pale pale.

Mama yako