Kaka anasema mizimu ndiyo iliyopasua chupa zangu

*Shangazi, shikamoo. Marehemu babu alituachia mizinga Sikonge na namna yake ya kupika wanzuki, ile pombe ya asali. Mimi nikaongeza maua ya rozela ili uwe mwekundu kama mvinyo wa Dodoma, na kwenye chupa nikaandika jina la babu. Nilipika lita 20, nikaacha siku 9, nikatia nusu kilo ya asali ipate utamu, nikaziba. Masega yenye chavua aliyokuwa akitupia babu niliyaacha, niliona ni uchafu. Usiku mmoja chupa 11 kati ya 26 zikapasuka. Kaka anasema wazee wamekasirika, na amenikataza kugusa mizinga. Nifanyeje?*
*Mjukuu, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa kukosana na kaka.

Kwanza zile 15 zilizobaki, maana zinaweza kumtoa mtu jicho. Usizibebe wala kuzitikisa. Zifunike blanketi zito, watoto wasisogee. Vaa miwani na glavu nene, kisha ulegeze vizibo kimoja kimoja ukiwa umefunika chupa kwa taulo.

Kilichozipasua ni ile nusu kilo. Asali ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo kila lita uliiongezea gramu 20 za sukari wakati hamira bado hai. Hamira ikaila, ikatoa gesi, gesi ikakosa pa kutokea. Wafaransa hutia kiasi kinachokaribia hicho kwenye shampeni kwa makusudi, ila chupa zao ni nene na kizibo hufungwa waya.

Lakini kaka yako anaposema wazee wamekasirika, kwenye masega ana haki. Asali peke yake ina chakula kidogo sana cha hamira, ndiyo maana huchacha kwa kusuasua. Chavua ndiyo iliyokuwa ikiilisha. Babu hakutupia uchafu. Kile ulichokitoa ndicho kilikuwa ujuzi wenyewe, na rozela haijamkosea mtu.

Ukipika tena, loweka gramu 500 za rozela kavu kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa, nusu saa, uchuje. Usiitokose, rangi hufifia. Yakiwa vuguvugu, koroga asali kilo 5, jaza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita 20, tia masega ya babu na gramu 5 za hamira ya mvinyo. Funika, pitisha mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Hewa ikiingia, utapata siki. Subiri wiki 4 hadi 6. Usizibe mpaka haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha kama sukari imeisha, isome 1.000 au chini yake, na isibadilike kwa siku 3. Anayetaka utamu aongeze asali kwenye glasi yake. Chupa ziwe za rangi, zikae gizani, la sivyo wekundu utageuka kahawia.

Mambo ya leseni ya vileo na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, ni ya baadaye. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Tabora watakuelekeza.

Kwa kaka usiende peke yako. Mwombe baba mdogo akusindikize. Usianze na gesi wala sukari, anza na masega: mwambie uliyaacha na ulikosea. Kisha umwombe akakate yeye mwenyewe vipande vya kutia kwenye pipa lijalo.