Hiki ni toleo gani? Maswali ya wasomaji kuhusu vitabu vya kale vya chapa

Nimekutumia picha ya jalada la ngozi. Ni toleo la ngapi, na la mwaka gani? (Msomaji, Morogoro)

Sijui, wala hakuna anayeweza kujua kwa picha hiyo. Hili nimelijibu humu mara nyingi mno. Kabla ya karne ya 19, vitabu vingi viliuzwa bila jalada la kudumu, na mnunuzi ndiye aliyevipeleka kwa mjalidi. Kitabu cha 1520 kinaweza kuvaa ngozi ya 1750, tena ikawa ngozi ya pili au ya tatu. Nipigie picha ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho wenye maandishi ya chapa, na ukurasa wowote wenye herufi ndogo iliyokaa peke yake chini. Unipe na kimo cha karatasi kwa milimita. Ile selotepu niliyoiona mgongoni usiibandue, na tafadhali usiongeze nyingine.

Maktaba yetu ya seminari ina kitabu cha Kilatini kisicho na ukurasa wa jina. Nianzie wapi? (Mkutubi, Peramiho)

Anzia mwisho, ndugu mkutubi. Vitabu vilivyopigwa chapa Ulaya kabla ya 1501, tunavyoviita inkunabula, mara nyingi havikuwa na ukurasa wa jina kama tunavyoujua leo. Mchapaji aliweka jina lake, mji na tarehe katika maandishi ya kufungia, yaani kolofoni. Zaburi ya Mainz ya 1457, iliyochapwa na Fust na Schöffer, ndicho kitabu cha kwanza Ulaya chenye kolofoni ya chapa inayotaja wachapaji na tarehe. Na humo humo kwenye kolofoni wapangaji herufi wakakosea: badala ya "psalmorum" wakaweka "spalmorum".

Ukikosa kolofoni, usikate tamaa. Biblia ya Gutenberg haina jina la mchapaji wala mwaka. Tunajua ilikwisha kuchapwa kufikia Agosti 1456 kwa sababu Heinrich Cremer, aliyeipaka rangi na kuijalidi nakala iliyoko Paris, aliandika humo kwa mkono wake siku aliyomaliza kazi. Kwa hiyo soma kila neno lililoandikwa kwa wino, hata kama ni deni la mtu au jina la mtawa. Kuna wakutubi waliowahi kufuta maandishi ya namna hiyo wakidhani wanakisafisha kitabu. Walichokifuta hakirudi.

Halafu pima herufi. Chukua mistari 20, pima kwa milimita kutoka msingi wa mstari wa kwanza hadi msingi wa ule wa ishirini na moja, kisha tazama umbo la herufi kubwa M. Mtaalamu wa inkunabula Konrad Haebler aliyapanga maumbo ya M kwa makundi, na Robert Proctor wa British Museum alikuwa ametangulia kupanga inkunabula kwa nchi, miji, wachapaji na herufi zao katika faharasa aliyoanza kuitoa mwaka 1898. Wachapaji wa miaka hiyo walitumia herufi zinazotambulika, kama fundi seremala anavyotambulika kwa mkono wake. Ukishapata kipimo na M, nenda kwenye Incunabula Short Title Catalogue ya British Library, yaani orodha ya mtandaoni ya inkunabula. Ukienda huko kabla ya kupima utapata matokeo mia, nawe utachagua lile linalokupendeza.

Katalogi ya chuo inasema kitabu chetu kilichapwa Argentina mwaka 1488. Ni sawa?

Si sawa. Mwaka 1488 Columbus hajavuka bahari. Argentina kwa Kilatini cha wachapaji ni Strasbourg. Mkiwa hapo hapo, chungulieni na vile mlivyoandika "Lugdunum": ni Lyon, ila ikifuatwa na "Batavorum" ni Leiden.

Kitabu changu kina mikunjo A hadi Z, lakini J, U na W hazipo. Zimepotea? (Msomaji, Kisumu)

Hazijapotea. Wachapaji walihesabu mikunjo, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa na kushonwa kuwa kitabu, kwa alfabeti ya Kilatini yenye herufi 23. I ilisimama pia kwa J, V kwa U, na W haikuwamo. Lakini umefanya vyema kuhesabu, kwani wengi hawahesabu kabisa.

Muuzaji anasema kitabu hiki kidogo cha mshairi wa Kirumi Vergilius, cha herufi za italiki (za kulala), ni cha mchapaji Aldus Manutius wa Venice, 1501. Hakuna jina la mchapaji popote. Ninunue? (Msomaji, Nairobi)

Usitoe pesa kwanza. Aldus alikitoa kitabu hicho Aprili 1501, kwa herufi za italiki alizochongewa na Francesco Griffo, na mara wachapaji wa Lyon wakaanza kuiga: umbo lile lile dogo, herufi za kufanana, bila jina wala mji. Mwaka 1503, tarehe 16 Machi, Aldus akachapa onyo kwa wasomaji. Akaeleza kwamba karatasi ya waigaji ni duni na ina harufu nzito, kwamba herufi zao haziungani vizuri, kisha akaorodhesha makosa yao kitabu kwa kitabu. Wale wa Lyon wakaichukua orodha ile ile na kusahihishia matoleo yao mengine. Kwa hiyo nakala isiyo na makosa hayo haijawa ya Aldus kwa sababu hiyo tu.

Usidanganyike pia na ile nembo yake maarufu ya nanga na pomboo. Alianza kuitumia 1502, hivyo kutoonekana kwake katika Vergilius wa 1501 hakuthibitishi lolote. Kukosekana kwa jina lake ndiko kunakonitia shaka. Mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa mwisho. Akisita, achana naye.

Nina tamthilia ya Shakespeare, King Lear, mwaka 1608 umechapwa wazi. Uliandika kwamba huenda si ya 1608. Mwaka si umeandikwa?

Umeandikwa, ndiyo, na tabu yote imeanzia hapo. Kuna Lear mbili za kwarto (umbo la karatasi iliyokunjwa mara mbili ikatoa majani manne) zenye mwaka 1608. Moja ni ya kweli, na ukurasa wake wa jina unaelekeza kwenye duka lenye alama ya "Pide Bull" karibu na St. Austin's Gate. Nyingine inasema tu imechapwa kwa ajili ya Nathaniel Butter, 1608, nayo ilichapwa 1619.

Mwaka huo mchapaji William Jaggard alimchapia muuza vitabu Thomas Pavier tamthilia kumi zilizouzwa kwa jina la Shakespeare, na kadhaa zikabandikwa miaka ya uongo, 1600 na 1608. Uongo huo ulikaa karibu miaka 300 bila kugunduliwa. Mwaka 1908 mtafiti W. W. Greg alionyesha kwamba alama za maji zile zile (alama za mtengeneza karatasi zinazoonekana kwenye mwanga), zilizochanganyika vile vile, zinaonekana katika vitabu vinavyodai kutofautiana kwa miaka 19. Mchapaji hununua karatasi na kuitumia mpaka iishe. Haweki shehena moja ya mchanganyiko kwa miaka 19. Mwaka 1910 mtafiti mwingine, William Neidig, akapima picha za kurasa za jina na kuonyesha kwamba herufi zilizopangwa kwa ukurasa mmoja zilibaki mahali pake kwa mwingine, ingawa miaka iliyochapwa ilitofautiana.

Inua karatasi mbele ya dirisha, utafute alama ya maji. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Ni "toleo" au "chapa"? Naona vyote vinatumika.

Vyote vipo, ila si kitu kimoja. Herufi zikipangwa upya, zote au karibu zote, hilo ni toleo jipya. Zikibaki vile vile na kupitishwa mtamboni tena, hiyo ni chapa nyingine. Wachapaji wa zamani walikuwa na herufi chache, wakizibomoa ukurasa ukishachapwa ili wapange mwingine, ndiyo maana kitabu cha kale kilichorudiwa karibu kila mara ni toleo jipya. Kinyume chake pia hutokea: Folio ya tatu ya Shakespeare, yaani toleo la tatu la kile kitabu kikubwa cha tamthilia zake zilizokusanywa pamoja, ilitoka 1663, kisha 1664 karatasi zilizobaki zikapewa ukurasa mpya wa jina na kuongezwa tamthilia saba. Mwaka mpya pale mbele, mwili ni ule ule.

Na nakala mbili zikitofautiana neno hapa na pale, usikimbilie kuandika "matoleo mawili". Masahihisho yalifanyika mtambo ukiendelea, na karatasi zenye kosa hazikutupwa. Mtafiti Charlton Hinman alilinganisha zaidi ya nakala 50 za Folio ya kwanza, ya 1623, katika Folger Library, ukurasa kwa ukurasa, kwa mashine ya vioo na taa aliyoibuni mwenyewe. Masahihisho ya aina hiyo aliyakuta kwa mamia.

Kitabu cha fiqhi cha Kiarabu, kimechapwa Zanzibar, 1297. Katalogi inasema 1880. Tuiache? (Mkutubi, Unguja)

Msiiache, dada yangu. Kiwanda cha chapa cha Sayyid Barghash ni cha kwetu, na vitabu vyake vinastahili uangalifu ule ule wanaopewa Aldus na Gutenberg. Mwaka 1297 Hijria ulianza Desemba 1879. Andika mwaka kama ulivyochapwa, kisha kwenye mabano ya mraba uweke 1879 au 1880. Lakini kabla ya hapo soma khatima ya kitabu, kwani mara nyingi mwezi umetajwa: ukiwa Safar unapata 1880 bila shaka, ukiwa Muharram unabaki na miaka miwili.

Ulaya nako hali ni hiyo hiyo. Venice mwaka ulianza 1 Machi, na Uingereza hadi karne ya 18 ulianza 25 Machi. Februari 1496 ya Venice huenda kwetu ni 1497.

Rekodi ya kitabu hicho hicho iko mtandaoni, imeandikwa na maktaba kubwa. Kwa nini nisiinakili, niokoe muda?

Kwa sababu wao waliandika nakala yao. Niliwahi kunakili rekodi hivyo nikiwa kijana kazini: majani 176, kamili. Miaka kadhaa baadaye msomaji alinionyesha kwamba jani la mwisho la nakala yetu, lile lenye kolofoni, lilikuwa la karatasi laini ya mashine, limechapwa kuigiza la asili. Kwa miaka yote hiyo katalogi yetu ilikuwa inatoa ushahidi wa uongo, na jina langu lilikuwa chini yake.

Rekodi ya wengine itumie kulinganisha. Hesabu majani yako mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, na jani lisilokuwapo liandike kwa alama ya mkunjo wake, siyo "kurasa chache zimepungua".