Perege Anakuona: Acha Kununua Dawa ya Kupaka Ndoano

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Navua kwa ndoano kwenye kijito kinachoshuka kutoka ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Ndanda. Maji ni maangavu, perege nawaona kabisa, wengine wakubwa kuliko kiganja. Nimejaribu nyungunyungu, ugali, hata panzi. Wanasogea mpaka kwenye chambo, halafu wanageuka. Kuna mtu ananiuzia dawa ya kupaka kwenye ndoano, anasema samaki akiinusa hawezi kukataa. Ninunue? — Msomaji, Masasi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Swali hili hunifikia kila kiangazi, maji ya vijito yakishapungua na kutulia, na karibu kila anayeuliza ameshampa hela muuza dawa. Wewe umeuliza kwanza, umefanya vizuri.

Umeandika "perege nawaona kabisa", kisha ukapita. Jibu liko hapo hapo. Ukimwona, na yeye anakuona. Watu wanashikilia kwamba samaki akikataa chambo basi harufu haijamvutia, na imani hiyo ndiyo inayowalisha wauza dawa. Kwenye maji maangavu ya kina cha goti, jicho limeshaamua kabla ya pua. Mwanga hupinda ukiingia majini, kwa hiyo samaki huona mambo ya nje kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi za pembe kama 97. Ukisimama wima ukingoni umeingia ndani ya duara hilo, na mkono unaorusha mshipi ndio unaoonekana kuliko vyote. Ukichuchumaa hatua kadhaa nyuma, unabanwa kwenye ukingo wa duara kiasi kwamba hakutambui. Miguu nayo inakuchongea: samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitetemo, na kishindo cha udongo mkavu humfikia. Kwa hiyo njoo kutoka upande wa chini wa mkondo, maana samaki huelekeza kichwa maji yanakotoka, na jua lisikupige mgongoni kivuli kikakutangulia.

Sasa, kusogea na kugeuka. Hapo mwenye kosa ni mshipi. Mingi inayouzwa madukani kwetu ni ya baharini, ya kuvulia changu na chewa, minene na migumu. Tafuta wa milimita 0.20 au chini ya hapo, na ndoano ndogo, namba 12 au 14 (namba ikipanda ndoano hupungua). Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ondoa kabisa. Kisha tupa panzi wako juu ya maji umtazame kwa makini: kama nyuma yake kuna viwimbi vyembamba vya kuchora maji, mshipi unamvuta. Panzi aliyeanguka mwenyewe huenda na maji kwa mwendo wa maji, hachori kitu. Perege anaijua tofauti hiyo. Legeza mshipi, chambo kielee kama jani lililodondoka.

Wavuvi wa trauti wa vijito baridi vya Kilimanjaro na Mbeya (trauti huku kwetu hawezi kuishi, maji yana joto mno) hufunga manyoya na uzi kwenye ndoano wakaiga mdudu. Unyoya hauna harufu ya chakula hata kidogo, na trauti anapanda juu kuudaka, mradi uelee bila kuvutwa. Mpelekee muuza dawa habari hiyo akueleze.

Tena si kila perege unayemwona anataka kula. Wakiwa wametulia juu ya vishimo vya duara kwenye mchanga, hao ni madume wanaolinda mahali pa kuzalia. Majike yakishataga hubeba mayai kinywani, na kipindi hicho karibu hayali. Waache. Ukimtoa jike mwenye mayai umetoa na kizazi chake.

Kinachonikera zaidi ni mahali biashara hii inakoishia. Dawa ya kupaka isipofanya kazi, yule yule muuzaji huwa na nyingine, ya kumwaga majini. Mara ni utupa (mmea wenye sumu ya samaki) uliotwangwa, mara ni kiuatilifu kilichobaki shambani. Sumu ya utupa huzuia mwili wa samaki kutumia oksijeni, anakufa akihema kwenye maji yaliyojaa hewa, na vifaranga na wadudu anaowala wanakwenda naye. Kiuatilifu ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaingia kwenye nyama, na usitegemee kuchemsha wala kukaanga kukiondoe. Chini ya kijito hicho kuna watu wanateka maji ya kunywa. Pwani yetu ya Lindi na Mtwara tumeshaona baruti ilivyosaga matumbawe, na waliolipua walianza kwa kutafuta njia ya mkato vile vile. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 imekataza sumu na baruti, za mtoni na za baharini.

Ukikuta samaki wanaelea, au wanahema juu ya maji asubuhi, usiwaokote hata mmoja. Wazuie watoto wasioge na wanawake wasiteke, kisha mwite mwenyekiti wa kijiji na afisa uvuvi wa halmashauri siku hiyo hiyo, kabla maji hayajaondoka na ushahidi.