Stadi ya Kwenye Skrini Hutokaje Nje? Jibu kwa Swali la Wiki

Swali lenu la wiki hii, kama michezo ya video humjenga mtu na kumpa stadi za maisha au humwibia muda tu, limenigusa kuliko nilivyotarajia, nami naomba nilijibu kwa kulisogeza kidogo. Kwamba mchezaji hupata stadi, hilo halina ubishi kwa yeyote aliyewahi kuketi na pedi ya kuchezea mkononi kando ya mtoto wa miaka tisa na kufungwa mabao matano kabla ya mapumziko. Vidole vyake ni vyepesi, macho yake yanaona nafasi kabla haijafunguka, na wala hakupelekwa chuo chochote kujifunza hayo. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata: stadi hiyo hutokaje ndani ya skrini ikamfuata mwenyewe darasani na kazini, na kwa nini mara nyingi haimfuati?

Nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu kali, kwamba haimfuati, na sikukosa wa kuniunga mkono. Mwaka 1901 wanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike na Robert Woodworth waliwazoeza watu kukadiria ukubwa wa mistatili, kisha wakawapa maumbo mengine wayakadirie, na wakaona umahiri ule haukuwasaidia kwa kiasi ambacho mtu angetegemea. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mazoezi ya kazi moja humsaidia mtu katika kazi nyingine kwa kadiri kazi hizo zinavyoshiriki vipengele vilevile. Zaidi ya karne moja baadaye, Januari 2016, kampuni ya Lumos Labs iliyokuwa ikiuza michezo ya kunoa akili kwa jina la Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba iliwaahidi wateja mafanikio ya shuleni na kazini bila ushahidi wa kutosha.

Hata utafiti unaopendwa na watetezi wa michezo hii unaelekea hukohuko. Mwaka 2007 daktari James Rosser na wenzake walichapisha matokeo ya madaktari 33 waliopimwa kwa mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ule ambao kamera huingizwa mwilini na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Wale waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Ni matokeo mazuri, lakini itazame kazi yenyewe: mikono iko huku, macho yako kwenye skrini, na kinachosogea kule kinatii mikono. Vipengele ni vilevile. Tena yawezekana kabisa kwamba aliyejaliwa mikono myepesi tangu utoto ndiye aliyeipenda michezo, na ndiye huyohuyo aliyekuja kuuweza upasuaji.

Hayo yote bado nayaamini. Ila kuna jambo la mpwa wangu ambalo kila nikitaka kuliweka kando linarudi, na naona ni heri nilieleze lote.

Alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa amezama katika Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa bloku ambao hata wasioucheza wanaujua kwa sura. Alikuwa akijenga ngome, na alitaka mlango wake wa chuma ufunguke kwa swichi iliyofichwa mbali, chini ya ngazi. Walioucheza wanajua kwamba mlango wa chuma humo ndani haufunguki kwa mkono. Lazima upelekewe ishara, na ishara husafiri kwa njia ya unga mwekundu uitwao redstone, unaomwagwa chini bloku baada ya bloku kama waya. Alimwaga unga wake kutoka kwenye swichi hadi mlangoni, akaenda akabonyeza swichi, akarudi mbio kutazama. Mlango haukufunguka.

Nilikuwa nimekaa karibu naye na nikategemea hasira. Haikuja. Kwanza alirudia kubonyeza, kama ambavyo sote tungefanya. Kisha alibomoa mlango akauweka upya, akidhani umekaa vibaya. Halafu akanyamaza kidogo, akachimba chini ya ule mstari wa unga, na kila baada ya bloku kadhaa akaondoa bloku ya ardhi akaweka taa mahali pake, kisha akaurudishia unga juu yake. Sikuelewa anafanya nini mpaka alipobonyeza swichi tena. Taa ya kwanza iliwaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikawaka, na zilizobaki hadi mlangoni zikakaa giza. Alikuwa amelipata eneo la tatizo bila kuambiwa na mtu. Alihamisha taa moja moja kati ya ile ya mwisho iliyowaka na ile ya kwanza iliyokataa, mpaka akaifikia bloku yenyewe: ya kumi na tano inawaka, ya kumi na sita haiwaki. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa, kwamba ishara huanza na nguvu ya 15 na hupungua moja kwa kila bloku, ila yeye hakuwa amesoma hayo popote. Aliweka hapo katikati kifaa cha kuirudishia ishara nguvu yake, na mlango ukafunguka.

Fundi yeyote wa umeme, au mwandishi wa programu za kompyuta, angeitambua njia ile mara moja. Unaligawa tatizo vipande, unapima kila kipande, unalifuata kosa mpaka linakosa pa kujificha. Watu wazima hulipwa mshahara kwa kujua kufanya hivyo.

Sasa, jioni ileile alikuja na daftari lake la hesabu. Alikuwa na zoezi la 2¾ + 1⅚ − ½, na jibu lake lilikuwa limekataliwa. Mtoto yule aliyehamisha taa kwa utulivu wa ajabu alilitazama jibu lake mara moja, akaifuta kazi yote kuanzia mstari wa juu hadi wa chini, akasema yeye hesabu haziwezi. Hiyo ndiyo sababu swali lenu limenigusa. Stadi ilikuwapo mchana, na jioni haikuwapo, ingawa mtoto ni yuleyule.

Nilimuuliza kwa nini hapa anafuta kila kitu na kule hakubomoa ngome nzima. Alifikiri, kisha akanijibu: "Mjomba, kule nikikosea naona. Hapa naambiwa nimekosa, siambiwi wapi."

Jibu hilo lilinifikirisha kuliko utafiti wowote niliousoma. Tulirudia zoezi pamoja, nikamwomba baada ya kila mstari aweke taa, yaani akadirie thamani ya alichoandika kabla hajaendelea. Mstari wa kwanza aligeuza kuwa 11/4 + 11/6 − 1/2, na taa iliwaka: 11/6 ni karibu mbili, kama ilivyokuwa 1⅚. Mstari uliofuata aliandika 33/12 + 11/12 − 6/12, akasimama mwenyewe. "Hii 11/12 haifiki hata moja," alisema. Alikuwa amebadili namba ya chini akasahau ya juu. Alirekebisha kuwa 22/12, akapata 49/12, ambayo ni 4 na 1/12, na safari hii hakufuta kitu.

Hapa ndipo jibu langu kali linapolegea, na linalegea huku naandika. Thorndike na Woodworth hawakushindwa, kwa sababu stadi ile haikuvuka yenyewe. Ilihitaji mtu aliyeshuhudia mchana kuitaja jioni, na kumwonyesha mtoto kwamba vipengele ni vilevile ijapokuwa kimoja kina ngome na kingine kina daftari. Lakini siwezi tena kusema kwamba mchezo ulimpotezea muda. Ulimpa mahali ambapo kosa halina gharama, halina aibu, na linajionyesha papo hapo, na ndani ya mahali hapo subira aliyokuwa nayo ilipata kazi ya kufanya. Shule nyingi hazimpi mtoto nafasi hiyo, na nasema hivyo nikijua mzigo wa walimu wenye madarasa yaliyojaa.

Ndiyo maana mjadala wa mtoto acheze saa ngapi naona unakosa kiini. Uchina iliamua mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa 2 hadi saa 3 usiku tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Naelewa hofu iliyozaa sheria hiyo, na sidharau madhara: tangu Januari 2022 Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo katika orodha yake ya magonjwa, kwa mtu aliyeshindwa kujizuia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi, hata maisha yake yakaharibika. Lakini saa moja ya kucheza peke yako na saa moja ya kucheza kando ya mtu anayeuliza "umejuaje?" zinalingana kwenye saa ya ukutani tu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, michezo ya video humjenga mtu, jibu ambalo sikukaa chini ili kuliandika. Nalitoa kwa masharti. Nazungumzia mtoto mmoja, na mwingine huenda asingeweka taa hata moja bali angetafuta video ya kumwonyesha suluhisho. Tena nazungumzia mchezo ambao kosa lake linachunguzika. Ipo michezo iliyojengwa kinyume cha hapo, ambayo ukikwama unauziwa sanduku usilojua kilichomo, nawe unalipa ukitumaini bahati. Ubelgiji iliyachunguza masanduku hayo mwaka 2018 na kusema kwamba ni kamari chini ya sheria zake. Mtoto aliyekwama humo hana cha kupima wala cha kuhamisha, ana cha kulipia tu, na ile "ndiyo" yangu haiihusu michezo hiyo, hata kama inachezwa kwenye skrini ileile na mtoto yuleyule.